Bastola Aliyokuchagulia Mjomba

Mjukuu wangu Neema,

Huku Dallas tu wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu. Pole na zamu ndefu za huko Houston.

Unaniuliza ununue bastola ipi, maana mjomba wako ameshakuchagulia ile kubwa, nawe unaona haya kumkatalia. Nakuelewa. Nilipokuwa kijana, askari mpya wa mbuga, mkuu wetu alinigawia bastola kama yake. Mkono wangu haukuizunguka vizuri, lakini mkubwa akikupa, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Siku ya shabaha nikashindwa hata kuikoki.

"Msaidieni bibi harusi!" wenzangu wakacheka.

Mkuu hakucheka. "Mbona hukusema, mwanangu?"

"Niliogopa kukukosea heshima, mzee."

Akaniwekea tatu ndogo mezani, akaniacha nichague mwenyewe.

Nenda kwenye uwanja wa shabaha, wanakodisha bastola za kujaribia. Zishike, uzipige, uone ipi unaimudu. Huenda usipende hata moja, na hilo nalo ni jibu. Mjomba wako akinuna, mwambie anipigie mimi, baba yake.

Akupendaye,
Babu