Mguu Mzima wa Baba

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mgongo hauniruhusu kulisema neno hilo kwa sauti. Baba yako tangu atoke hospitali na kile kiharusi, upande wa kulia bado umekufa ganzi na ulimi umegoma. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu ni kazi yangu: namkumbatia kwapani, nanyanyua. Jirani alitaka kusaidia, nikamtimua. Huyu ni mume wangu, si gunia. Wewe muuguzi, nakosea wapi?

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nikashindwa. Tafadhali, usimvute kwapani, utamtegua bega. Kiti kiweke upande wa mguu mzima, ukaze breki. Mfunge mkanda kiunoni, ushike hapo. Kunja magoti, si mgongo. Na kubwa kuliko yote: usimguse kabla hujamwambia. Hesabu moja, mbili, tatu, kisha umwache asukume kwa mguu wake. Usimbebe! Nimeomba likizo, mkubwa wetu ananizungusha tu. Nijibu haraka.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Barua nimemsomea baba yako, akatikisa kichwa sana kuitikia. Mkanda nimefunga, breki nakaza. Lakini kumhesabia mtu mzima kama mtoto wa chekechea, hapana. Halafu akianza kujikakamua jasho linamtoka, mdomo unapinda, roho inaniuma. Namuwahi kabla hajahangaika. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako

3 Mei

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimekuandikia mara mbili, simu hupokei. Huko kumuwahi ndiko kunakonitia kiwewe. Mguu usipotumika unalegea, na siku akikuzidi uzito mtaanguka wote. Jana wodini nilisahau kukaza breki, mimi ninayewafundisha wenzangu! Kiti kikateleza, bahati mgonjwa alinidaka shingoni. Akili yangu iko huko kwenu. Likizo imekubaliwa, nakuja mwisho wa mwezi. Ikibidi nitambeba Baba mwenyewe. Nijibu, hata neno moja.

Mwanao

11 Mei

Binti yangu,

Marahaba ya shikamoo zote ulizompa mama yako ukanisahau mimi. Vumilia mwandiko, mkono wa kushoto ndio kwanza unaanza shule.

Mama yako yuko kitandani. Alininyanyua, mgongo ukamkamata, mimi nikarudi kitandani kwa kishindo, yeye akabaki sakafuni akilia. Alikataza uambiwe. Atapona, daktari kasema, lakini siku ile niliogopa kuliko siku niliyougua. Kuita siwezi. Nikashika ukingo wa dirisha, nikahesabu moyoni kama ulivyoandika, nikasukuma. Nikasimama, mwanangu! Nikagonga kioo mpaka jirani akaja mbio.

Kila aliponisomea barua nilitaka kumwambia, mke wangu, nihesabie. Ulimi haukuniruhusu, naye mkaidi unamjua.

Sasa jirani anashika mkanda, mama yako anahesabu akiwa amelala. Akifika mbili anafumba macho. Tatu inamtoka kwa shida, na mimi nainuka.

Ukija, usikimbilie kunibeba. Bakia mlangoni na mizigo yako, ungoje. Nitachelewa kidogo, lakini nitasimama kukupokea.

Baba yako