Ukurasa wa Pili wa Ile Hati

Molenstraat 41,
8700 Tielt,
Ubelgiji.
2 Februari 2026

Mpendwa dada Rozelien,

Pokea salamu kutoka katika nyumba aliyotujengea babu. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Armand, na baridi ya Winnipeg iwe imekuonea huruma mwaka huu. Je, kile kikohozi ulichonieleza kabla ya Krismasi kimekwisha? Mimi mwili wangu haunidai kitu. Leo ni sikukuu ya Mishumaa, nami nimepika chapati za maji kama tulivyofundishwa. Nimepika kwa ajili ya watu wawili, kwa mazoea, kisha nimekula peke yangu. Sababu yake utaielewa kabla hujafika mwisho wa barua.

Shangazi Godelieve anakusalimu. Ametimiza miaka tisini na mmoja, na bado hukaa dirishani na darubini kuhesabu njiwa wa mashindano wa jirani wanaporudi. Daima humzidi jirani kwa njiwa mmoja, wala hakubali kusahihishwa.

Katika barua yako ya Desemba uliniuliza ankara zetu mpya zimefikia wapi. Nitakujibu kwa utaratibu, kwa kuwa jibu lenyewe limegawanyika sehemu mbili na sipendi zichanganyike.

Tangu tarehe mosi Januari, kila mfanyabiashara hapa anayemuuzia mfanyabiashara mwenzake sharti ampelekee ankara kwa mtandao maalumu, kutoka kompyuta hadi kompyuta. Karatasi haihesabiki tena. Baada ya miaka michache, inasemwa, taarifa za kodi ya mauzo nazo zitapita njia hiyohiyo. Mtandao huo humtambua mtu kwa namba yake ya usajili. Kwa nyumba nyingine hilo lingekuwa jambo la wiki moja.

Lakini unamkumbuka baba, yaani baba yako mkubwa Remi. Kwa miaka arobaini aliuza chakula cha njiwa, na kwa miaka arobaini aliandika wateja kwa majina yao ya utani. Daftari zima lilikuwa Jogoo Mwekundu, Mjane wa Darajani, Kimya wa Pili. Ankara ilikwenda na dereva juu ya magunia, na dereva alimjua Jogoo Mwekundu ni nani. Kompyuta haimjui. Wateja wa namna hiyo walikuwa mia mbili na kumi na wanne, na baadhi yao hata wake zao walisita kidogo kabla ya kunitajia jina la ubatizo.

Kuanzia Pasaka hadi mwanzoni mwa Novemba niliwazungukia wote. Kwa Achiel Baekelandt wa Kanegem, mwenye mkahawa na kiduka cha chakula cha njiwa, ambaye ndiye Jogoo Mwekundu, nilikwenda mara tatu.

“Namba?” alinifokea. “Wenye namba hapa ni njiwa wangu, Machteld, tena mguuni. Sasa serikali inataka kunivisha pete na mimi?”

“Wakuvishe,” mkewe akaitikia kutoka jikoni. “Labda Jumamosi utarudi nyumbani mapema.”

Mkahawa mzima ulicheka. Alipomaliza kununa aliniandikia namba nyuma ya kikaratasi cha kuwekea glasi ya bia, lakini hakukiachia upesi. “Nakupa wewe, kwa sababu wewe ni mtoto wa Remi. Usije ukanipeleka kwa wale wa kiwanda cha chakula cha mifugo. Wale huniita mteja.” Nilimwahidi. Nakuomba uikumbuke ahadi hiyo, maana nitairudia.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Ya pili ni fupi zaidi.

Tarehe nne Desemba nilikaa kuisajili anwani yetu wenyewe ya kupokelea ankara. Kampuni moja huwa na anwani moja tu ya kupokelea. Kompyuta ikanijibu kwamba namba yetu imeshasajiliwa. Nilidhani nimekosea tarakimu. Niliikagua mara tatu. Ndipo nikaomba maelezo, nikayapata: tulisajiliwa tarehe 31 Oktoba, kupitia kile kiwanda cha chakula cha mifugo cha upande wa Roeselare.

Tarehe hiyo naijua. Mchana ule mimi na Lieven tulikuwa makaburini tukisugua jiwe la mama, tayari kwa maua ya kesho yake, Sikukuu ya Watakatifu. Kaka yangu alinishikia ndoo. Aliniuliza kama orodha ya wateja imekamilika, nikamwambia wamebaki wanne. “Wewe huachi kitu,” alisema. Nilifurahi, Rozelien. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Jioni ileile ya Desemba nilimkuta ghalani, ameegemea mizani.

“Nani ametusajili, Lieven?”

“Nilitaka kukupunguzia kazi.”

“Kupitia kiwandani?”

“Basi usinitazame hivyo, dada, kama mkaguzi wa kodi.”

“Mkaguzi wa kodi hutanguliza barua. Wewe hukutanguliza hata neno.”

“Ningekuambia baada ya Krismasi.”

“Krismasi ya mwaka gani?”

Hapo akanieleza. Alikuwa akizungumza na kiwanda tangu Juni. Kiwanda hakina haja na ghala, wala lori, wala mchanganyiko wa babu wa mahindi na njegere. Kinachotakiwa ni orodha: wateja mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja kwa jina lake halisi na namba yake. “Kabla yako lilikuwa daftari la utani,” alisema, tena kwa sauti ya kunipongeza. “Nani angelinunua?” Tangu siku hiyo hajala tena mezani pangu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Naongeza kwamba nguo hiyo niliishona mwenyewe, tundu kwa tundu, nikaipiga na pasi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikidhani naiandaa kampuni ya babu iishi chini ya sheria mpya. Kumbe kila namba niliyopewa kwa imani ilikuwa ikipangwa mezani pa watu ambao Achiel alinisihi nisimpeleke kwao.

Sasa nafika kwako.

Babu alituachia sehemu tatu zilizo sawa: yangu, ya Lieven na yako. Kampuni haiuzwi bila sehemu mbili kukubali. Yangu haijakubali, na haitakubali. Nilipomuuliza Lieven sehemu ya pili ameipata wapi, alinionyesha hati ya uwakilishi iliyotiwa saini Winnipeg tarehe tisa Oktoba. Saini ni yako. Ile herufi R yenye mkia mrefu alikufundisha babu, nami nilikuwepo.

Hati ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote unahusu sheria ya ankara na usajili wetu katika mtandao. Ukurasa wa pili, aya ya tatu, katika sentensi moja ndefu, unampa Lieven mamlaka ya kuuza sehemu yako. Saini iko chini ya ukurasa huo.

Baada ya tarehe tisa Oktoba umeniandikia mara mbili. Uliniuliza habari za moyo wangu, za shangazi, za ankara. Nimezisoma barua hizo kwa makini kuliko nilivyowahi kusoma chochote, na nakiri zimenishinda: zinaweza kuwa za mtu asiyejua, na zinaweza kuwa za mtu anayejua. Najua Lieven angeweza kukuambia kuwa ni karatasi za ankara tu. Najua pia kwamba tangu utoto hukuwahi kutia saini usichokisoma.

Kwa hiyo nauliza swali moja: uliusoma ukurasa wa pili?

Mauziano yatatiwa saini tarehe 27 mwezi huu mbele ya mwanasheria. Kabla ya siku hiyo unaweza kuifuta hati kwa barua. Nimeiandika barua hiyo, nimeiweka humu pamoja na bahasha yenye anwani ya mwanasheria. Haikosi ila saini yako. Ikiwa hukuusoma, itie saini na uipeleke posta leo hii, iende kwa njia ya haraka. Ikiwa uliusoma, usinieleze. Nirudishie bahasha ikiwa tupu, nami nitajua kwamba ni wakati wa kwenda Kanegem kumwambia Achiel kwa kinywa changu, kabla kiwanda hakijamwandikia kwa jina lake kamili.

Msalimie shemeji Armand, na mabinti zako Veerle na Colette, na mjukuu ambaye bado sijapata picha yake. Shangazi Godelieve anawaombea. Mungu awape njia iliyo wazi kila mtokapo, na awaonyeshe paa la nyumbani kila mrudipo.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda tangu tulipolala kitanda kimoja chumba cha juu, na ambaye nitalitazama sanduku la barua kila asubuhi,

Machteld