Siku Babu Yako Alipoichomea Barua Yangu Dizeli

Mpendwa Kendi,

Tumefurahi kusikia kuwa u mzima huko Mombasa. Huku mama yako amemaliza kuvuna maharagwe, na babu yako anakusalimu.

Umeniuliza utajuaje kama mchumba wako anakupenda, maana hataki uende ng'ambo kusoma. Mimi nilikuwa mwalimu hapa Kanyakine, mama wa watoto watatu, nilipotaka kwenda chuo Nairobi miaka miwili. Babu yako hakutaka. "Na hawa watoto?" aliuliza.

Siku ya mwisho ya kupeleka maombi, stima ilipotea nikiyachapa kwenye kompyuta ya kanisa. Nililia. Babu yako akaleta pikapu hadi dirishani, akaunga kwenye betri inveta aliyoazima kwa fundi, ile inayogeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani. Kompyuta ikawaka.

"Andika," akasema. "Sizimi injini, betri isije ikaisha."

Akakaa garini saa mbili, mguu kwenye mafuta, akiichomea dizeli barua ya kunipeleka mbali naye. Nilipomaliza nikamuuliza, "Kwa hivyo umekubali?"

"Bado sitaki," akasema. "Lakini wewe unataka."

Moyo wa mchumba wako siujui. Wa babu yako niliuona hapo.

Nilienda. Niliporudi nilimkuta akimsuka mama yako nywele, mistari yote imepinda, na mama yako akakataa katakata nimfumue.

Ni mimi nyanya yako,
Karimi