Pale na Pale: Kwa Gauthier, Fundi wa Gitaa la Ziwa

Mwaka umezunguka, Gauthier, tangu Jumanne ile homa ilipokushinda na tukakurudisha nyumbani, hapa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, umefunikwa kitenge cha mke wako Florentine. Tuliambiana kwamba mwaka ukitimia tutakuwa tumezoea. Hatujazoea. Bado anasonga bukari, ugali wetu, ya watu wanne, kisha anakumbuka, anakaa akiitazama sufuria.

Ulikuwa seremala wa vitanda na fremu za milango, na watu walikulalamikia kwa jambo moja tu: ulichelewa. Mtu akiagiza kiti, alipata kiti chenye ua la kombe la ziwani mgongoni ambalo hakuliomba, na wiki mbili za kungoja juu yake. Akija kuuliza, ulimjibu, "Iko karibu kuisha," na mbao bado zimeegemea ukuta. Mama Priscille wa jirani ulimtengenezea mguu wa kitanda mara tatu bila kununa, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuvunja kwa kukiburuta kitanda kila anapofagia. Chai uliinywa baridi kwa sababu uliisahau, kisha ukailaumu chai.

Maneno yako yalikuwa machache. Msasa wako ulisikika kuliko mdomo wako. Tulipokuwa nawe tuliliona hilo kuwa tabia ya fundi, tukakutania nalo. Leo ndilo linalotutesa.

Mwezi wa pili mwaka jana, Royd wa Mununga, muuza samaki anayepiga gitaa kanisani kwao, alikuletea gitaa lake jeusi la umeme. Alitaka ziwa lote la Mweru liingie kwenye shingo yake. Wasiolijua gitaa waelewe hivi: shingoni, katikati ya vile vyuma, huwa kuna alama za kumwonyesha mpigaji mahali kidole chake kilipo, kwenye nafasi ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na mbili. Kwa kawaida ni vidoa tu vya plastiki. Wewe ukaving'oa vyote ukavitupa kwenye kopo.

Uliokota makombe ufukweni Nchelenge, ukayasugua kwa msasa na maji mpaka yakatoa rangi ambazo hatukujua kombe linazo. Msumeno wako ulikuwa waya wa breki ya baiskeli uliotiwa meno. Patasi zako zilikuwa vyuma vya mwavuli ulivyovinoa kwenye jiwe. Ulikata umbo, ukachimba mbao kwa kipimo chake, ukalipachika kwa gundi uliyoichanganya na unga wa mbao ileile ili pengo lisionekane. Nafasi ya tatu ilipata mtumbwi. Ya tano, kasia. Ya saba, chisense watatu, wale samaki wadogo tunaowaanika juani, kila mmoja kama punje ya mchele. Ya tisa, jua lenye miale minane. Mama Priscille alikuja kuangalia akasema, "Hii gitare ni ya kuangalia tu, haiko ya kupiga."

Kwenye nafasi ya kumi na mbili ulichimba mashimo mawili ya mviringo, safi, yanayolingana. Kisha homa ikaja, na siku ya nne ikakuchukua. Mashimo yakabaki matupu. Juu ya meza yako tulikuta kipande cha katoni chenye orodha yako ya kazi, kwa penseli: 3 bwato, 5 kasia, 7 chisense, 9 jua, 12 pale na pale.

Hayo ndiyo maandishi yako ya mwisho. Florentine aliyasoma matanga yakiwa hayajaisha, akakaa chini palepale aliposimama.

Tuseme wazi, maana wanaosoma tangazo hili wengi hawajui. Mwaka wa 2017, siku mbili kabla ya kuvuka ziwa mkikimbia vita, wewe na Florentine mlimzika binti yenu wa kwanza, Sagesse, aliyekuwa na miaka sita. Mlimzika upande wa Pweto, kule Kongo, nyuma ya shule ya matofali ambayo jina lake hamkuwahi kulijua. Msalaba haukuwekwa, watu walikuwa wanakimbia. Mahali pale hapana jina kinywani mwa Florentine. Anapaita pale, basi. "Sijui kama majani yamefunika pale," alikuwa akisema mvua zikianza, nawe ulikuwa unachukua msumeno unatoka nje.

Na kuna Kenani, kambi ya kwanza mliyofikia baada ya kuvuka. Mlipofika kwenye meza ya kuandikishwa, karani alikuuliza una watoto wangapi. Ulisema wawili. Florentine alikuwa nyuma yako, Yolande mgongoni, Djo mkononi, na alisikia. Tangu siku hiyo hapa wote wanamwita Mama Djo. Ng'ambo alikuwa Mama Sagesse. Hakukugombeza hata siku moja, lakini miaka saba aliishi na wewe akiamini kwamba umemfuta mtoto kama mtu anavyofuta hesabu ubaoni, na jambo hilo lilimla moyo.

Sasa fikiria katoni ile ilimfanyia nini. Kwa mkono wako mwenyewe: pale. Aliiweka ndani ya Biblia yake, akalifunga gitaa kwenye kitenge, akalisukuma chini ya kitanda. Kaka yako Antoine, ambaye anajua kazi yako nusunusu, alijitolea kumalizia.

"Yaya Antoine, acha kwanza," Florentine alimwambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Sijajua ya kutia."

Mwaka mzima alitafuta umbo la kutia. Alichora ile shule kwa mkaa, akaifuta. Akachora kilima, akakumbuka kwamba hapakuwa na kilima. Tulimwona na hatukuwa na la kumsaidia.

Royd alingoja mwaka wote bila kutuma hata neno, na kwa hilo tunamshukuru. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita alikuja asubuhi na fungu la samaki, akaketi, akazungumzia kwanza barabara, kisha mvua, kisha samaki.

"Bana Djo," akasema mwishoni, yaani Mama Djo kwa Kibemba, "nakuja kuona gitare yangu. Hata kama haijaisha, hakuna shida."

Florentine alilitoa, akalifungua kitenge, akamwonyesha na katoni. Aliogopa Royd ataudhika. Royd alisoma, akatabasamu.

"Ah, pale. Ndiyo ile nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Pale. Ile samaki mukubwa ya Mweru. Baba yangu alikuwa anavua ile tu. Sisi kwa Kibemba tunaita pale."

Tunamla samaki huyo miaka yote, Gauthier. Sokoni tumelisikia jina lake mara mia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza, maana msiba ulikuwa umekwisha kutusomea neno hilo kabla hatujaliangalia vizuri.

Royd hakujua anachokivunja, akaendelea na kisa chake. "Siku ile nilimwambia, kwa kumi na mbili, weka pale. Akaniuliza, ndiyo, pale, lakini niweke nini? Nikasema, pale. Akasema, pale ninaona, lakini kitu gani? Tulicheka mpaka tukakaa chini."

Florentine hakucheka. Alikuwa anakunja kitenge na kukikunjua. Mwaka wake wote ulikuwa umegeuka samaki mbele ya macho yetu, na tuliona aibu kumwangalia.

"Kisha akasema nini?" aliuliza.

"Hakusema. Alinyamaza. Akaangalia gitare, akaomba maji ya kunywa."

"Hakusema kitu?"

"Hapana, bamayo, mama yangu. Alikunywa maji, akaanza kazi."

Tulidhani yameishia hapo. Kumbe Florentine alikuwa bado na swali moja.

"Samaki ngapi uliomba?"

"Moja," Royd alisema. "Pale moja tu."

Florentine aliweka kidole kwenye shimo la kwanza, kisha la pili. "Alitoboa mbili," akasema. "Na ku katoni aliandika mbili. Pale na pale."

Uso wake uliinuka. Hatujauona hivyo tangu ulipotutoka. Sasa unamjua kaka yako, mtu wa kusema kweli hata pasipo na aliyeiomba. Alikohoa.

"Florentine, gitare zote ziko na alama mbili ku ya kumi na mbili. Njo desturi ya gitare. Zingine moja-moja, ile mbili. Gauthier alijua ile."

"Ninajua, yaya," akasema Florentine taratibu. "Ata mi nilimuonaka akiondosha zile mbili za plastiki."

Hapo ndipo tulipokwama, na ndipo tulipo hadi leo. Pengine ulikusudia samaki wawili kwa sababu mashimo ni mawili. Pengine ulikusudia samaki wa Royd na pale pa Florentine, ukacheka na mteja kisha ukanyamaza kwa sababu neno lilikuchoma. Tumeigeuza katoni, tumeipeleka kwenye mwanga, tumepima hata nafasi kati ya maneno. Antoine anasema hili, Mama Priscille anasema lile. Aliyekuwa na jibu ni wewe, na jibu umekwenda nalo. Tungekuuliza swali moja tu, nawe ungejibu kwa neno moja kama kawaida yako.

"Tia samaki moja," Florentine alimwambia Antoine siku ile. Antoine alikata kwa siku mbili, akavunja makombe matatu, na mkia umepinda kidogo. Ungeung'oa ukaurudia. Tumeuacha ulivyo.

Royd aliporudi kuchukua gitaa aliliona shimo la pili bado tupu. Alisema kwa upole kwamba hata samaki wawili angefurahi nao.

"Hapana," Florentine alisema. "Hii ingine iache vile. Iko na mwenyewe."

"Ya nani?"

Florentine alirudisha kidole kwenye lile shimo. "Ya mutoto yangu ya kwanza. Jina yake Sagesse."

Ndiyo mara ya kwanza jina hilo kutamkwa Mantapala mbele ya mgeni. Royd alivua kofia. Hakuuliza mtoto huyo yuko wapi, maana watu wa ziwa hili wamekwisha kuona wengi wakivuka pungufu. Alilipokea gitaa kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, Bana Sagesse," akaenda zake.

Jumapili iliyopita alilipiga kwenye misa yako. Anasema kidole chake kikifika kwenye nafasi ya kumi na mbili kinaligusa lile shimo, na kila mara kinashtuka kidogo. Tulimwuliza kama linamsumbua. Akasema ndiyo, linamsumbua, na hataki lizibwe.

Gauthier, tumeshindwa kukusoma. Kama ulikusudia samaki tu, utusamehe kwa kukutwisha neno ambalo hukulisema. Na kama ulikusudia pale, Florentine anaomba umsamehe ile miaka saba aliyokudhania vibaya, akilala kando yako na kuamka kando yako. Hajui alipeleke wapi ombi hilo, ndiyo maana tumeliandika hapa.

Hututoki moyoni, wala hatutakuachia utoke.

Wanaokukumbuka: mke wako Florentine, Mama Sagesse, kaka yako Antoine, anayeomba radhi kwa ule mkia, watoto wako Djo na Yolande, jirani yako Mama Priscille, ambaye kitanda chake kimevunjika tena, Royd wa Mununga, na binti yako wa kwanza Sagesse, pale.