Kikao cha Dharura Kuhusu Jina Lililoitikiwa na Mtu Mwingine

KAMATI YA USALAMA NA USTAWI, KIWANDA CHA MASHATI
Kikao cha 5, Alhamisi, chumba cha kukatia vitambaa, saa 8:10 mchana (badala ya 8:00; ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Katibu).

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (msimamizi wa karakana), Fundi Umeme, Mama Vifungo, Fundi Kola, ambaye ni kiziwi, pamoja na mdogo wake aliyefasiri lugha ya alama, Katibu (mtunza stoo).
HAYUPO: Meneja, kwa udhuru. Alituma barua.

KUMB. NA. 1/5: TAARIFA YA JUMANNE
Katibu alisoma taarifa yake kuhusu moshi wa chumba cha pasi: "Kengele ililia. Majina yaliitwa uwanjani. Wote arobaini na mmoja walikuwepo." Fundi Kola aliinua mkono. Alieleza kwamba wakati huo alikuwa ghorofani peke yake akimalizia kola. Alidhani wenzake wametangulia kwenda kula. Alipoteremka, moshi ulikuwa umeshafika ngazini.

Taarifa ilirekebishwa: arobaini. Katibu aliomba radhi.

KUMB. NA. 2/5: NANI ALIITIKA "YUPO"
Fundi Umeme aliuliza kama jina lilijiitikia lenyewe. Mama Vifungo alikiri kwamba ni yeye. Kila asubuhi, mwaka wa sita sasa, humwitikia shoga yake Fundi Kola kwa kuwa hasikii akiitwa. "Ulimi umezoea, jamani. Ulitamka kabla macho hayajatazama." Alilia. Katibu alikumbusha kwamba naye hakuinua uso kutoka daftarini, hivyo lawama zigawanywe, fungu kubwa liende stoo.

KUMB. NA. 3/5: BARUA YA MENEJA
Barua ilitaka Fundi Kola aondolewe kwenye cherehani kuanzia Jumatatu, akafungashe maboksi chini, "kwa usalama wake". Mwenyekiti alieleza kwamba hana kinyongo na mtu, ila tangu Jumanne hapati usingizi. Fundi Kola alijibu kupitia mdogo wake: "Mimi ni fundi. Moshi umetoka kwenye pasi, mbona anayehamishwa ni mimi?" Mwenyekiti alimtaka mfasiri apunguze ukali. Mfasiri alijibu, "Mzee, hapo nimeshapunguza."

Fundi Umeme aliulizwa ilipo taa ya kuwaka pamoja na kengele, iliyoombwa tangu mwaka jana. Alisema anasubiri stoo. Katibu alisema stoo inasubiri hati. Mwenyekiti alifungua droo, akaitoa hati hiyo, haina saini, ina alama ya kikombe cha chai. Alitia saini bila kutazama mtu.

Iliazimiwa: Fundi Kola abaki kwenye cherehani, na Meneja ajibiwe leo. Taa ifungwe kabla ya Jumatatu. Hadi hapo, kengele ikilia Mama Vifungo amguse bega, asitoke bila yeye. Mtu asimwitikie mwenzake tena.

Mwenyekiti aliuliza: na kesho Mama Vifungo akiugua? Katibu aliandikwa wa akiba, licha ya magoti yake na ngazi zile.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA
Majina yaliitwa upya. Lilipofika la Fundi Kola, Mama Vifungo alijiziba mdomo kwa kiganja. Katibu aliinua uso, akamtazama mwenye jina. Fundi Kola aliinua mkono.

Wapo sita. Katibu alihesabu mara tatu. Watu walitoka saa 9:25 alasiri, Katibu akiwa wa mwisho.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)
Aliyehakiki hesabu ya waliopo: Fundi Kola (saini)