Kanzu ya Apolline

Jumanne, 3 Machi 1981

Mvua tangu asubuhi. Nimepita gare ya treni kupeleka zile suruali mbili za viraka. Mbili! Kwa watu kumi na moja wanaolala chini ya hangari. Nimewapa wale wawili waliokuwa uchi zaidi. Wengine wameniangalia kama mimi njo niliyewavua.

Mama Apolline amevaa mufuko wa chumvi. (Hapa ninaandika jina lake la ubatizo. Kwa biro za serikali wamekataza majina ya kizungu, kwa daftari yangu hakuna wa kunikataza.) Vidole vyake vyote ukoma ulivikula zamani. Kikwembe nilichomupa Noeli iko, kipya hata leo, amekikunja chini ya kichwa. Nikamukaripia: mbona hukivai? Akaninyoshea mikono tu. Ee Mungu wangu. Kikwembe kinataka kufungwa. Kila asubuhi aombe wanaume wa gare wamufungie? Mimi mushonaji wa miaka makumi mbili, na sikufikiri hiyo. Mupumbavu mimi.

Barnabé, yule waliyemufukuza kazi ya reli akabaki pale pale kungoja wamuite tena, ananiambia habari mbaya. Mukubwa anakuja kutoka Kinshasa tarehe kumi na mbili, atapita gare. Basi watasafisha muji. Tunajua maana yake. Mwaka juzi waliwapakia watu wa gare kwa kamio, wakawamwaga njia ya Lubutu, katikati ya pori. Watatu hawakurudi. Apolline alirudi kwa miguu, siku tisa. Safari hii hatarudi, anajua mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Kwa citoyen Okito, sekretere wa Chama. Ameningojesha tangu saa mbili mpaka saa saba. Sawa — nilikuja na kushona kwangu.

Nikamuambia juu ya watu wa gare, wasio na kwao. Anasema neno hilo nisilirudie. Kwa Zaïre hakuna muntu asiye na kwao, wote tuko na baba mumoja, rais wetu, Guide, na baba iko pale ukutani kwa picha anatutazama. Nikatazama ukutani. Nilitaka kuuliza mbona baba haleti blanketi.

Nikashika habari ya nguo tu. Je, wakivaa vizuri? Akacheka. Mugeni hawezi kuonyeshwa uchi, anasema, lakini aliyevaa njo mwananchi: asimame kwa musitari, apige makofi.

— Kumi na moja, mama Onema. Nikiona goti moja nje, kamio.

Amesema mbele ya karani wake. Neno hilo nimelishika kwa mikono miwili.

Ijumaa, 6 Machi

Kitambaa hakuna. Kwa soko hakuna, kwa maduka ya watu wa Butembo hakuna. Kila mahali rafu tupu na pole nyingi. Pole haishonwi!

Kwa foyer ya wamama tumefungua sanduku la masœur, wale masista wa zamani. Chini kabisa tumepata vikwembe vya animasio, vilivyobaki wakati wamama walichezea sikukuu ya Chama. Picha ya Guide katikati, kubwa kama sahani. Panya wamekula pindo tu. Jeannette, tunayefundisha naye kushona, anasema niache. Kikwembe cha Guide kinafungwa kizima, anasema, hajaona muntu anakitia mukasi. Nikamujibu kwamba nchi nzima inamuvaa, na wamama wanamukalia kila siku ya Mungu kwa benchi za kanisa. Hakucheka.

Jumatatu, 9 Machi

Mashati kumi yamekwisha, na suruali za viraka za kuvaa nazo. Picha imekaa mugongoni, nzima, nzuri. Nilijisifu.

Halafu kanzu ya Apolline. Kwake lazima nguo ya kuingiza kwa kichwa, bila kamba, bila kifungo: unakunja kitambaa, unatoboa shingo katikati, unashona kando. Nikakikunja ndani kwa nje, chaki isichafue upande mwema. Njo vile tunafundisha hapa foyer, njo vile masœur walitufundisha sisi. Nikapiga chaki. Nikakata.

Duara likaanguka mezani, nikaligeuza. Macho mawili, miwani, kofia. Kwa kanzu kimebaki kidevu.

Nimekaa chini. Jeannette alikwenda kufunga mulango. Kitambaa kingine hakuna, hata kipande. Basi kidevu nimekifunika na kola ya mufuko wa unga, nyeupe, kama ya mutoto wa komunyo ya kwanza. Uzi uliobaki ni ule mwembamba, uliooza kidogo. Umeshika. Duara nimelitia ndani ya bati la vifungo. Jeannette anasema nilichome. Kesho.

Jumanne, 10 Machi

Amevaa mwenyewe! Aliinua mikono, akaingiza kichwa, kanzu ikashuka mpaka miguuni. Tangu ugonjwa wake, anasema, hakuvaa nguo bila mukono wa muntu. Akaivua. Akaivaa tena. Mara nne! Barnabé akamupigia makofi. Akanitania kwamba sasa nimutafutie bwana, maana mavazi iko tayari. Nimecheka mpaka machozi.

Duara sijalichoma. Nimesahau. Hapana, sikusahau. Ninaogopa kumuchoma pia.

Alhamisi, 12 Machi

Walisimama kwa musitari, wote kumi na moja, wamenyoa, wamenawa. Mugeni akashuka kwa gari, akapita na mukono juu. Okito nyuma yake, amejaa furaha. Mimi kati ya watu, ninaangalia magoti. Imepita! Nilisema hivyo kwa sauti, imepita.

Apolline hakuacha kupiga makofi. Kwa mikono ile, kwa nguvu, kwa furaha, na magari yalikuwa yamekwisha kwenda. Kola ikaachia upande mumoja. Ikaning'inia. Kijana mumoja wa Chama akasogea kuangalia, akainua kola na fimbo yake, akaita wenzake.

Wamewafungia wote ndani ya depo nyuma ya biro ya Chama. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilinyamaza. Niandike hapa angalau: nilinyamaza.

Ijumaa, 13 Machi

Wamemuachilia Barnabé peke yake, kwa sababu iko na kadi ya zamani ya reli. Midomo imevimba. Amekuja foyer kwa mulango wa nyuma, akatueleza.

Waliuliza nani alikata kichwa cha Guide. Hakuna aliyejibu. Wakapiga. Hakuna aliyejibu. Halafu Apolline akasimama.

— Mimi. Nilikata mwenyewe, nikashona mwenyewe.

Wakatazama mikono yake. Wakacheka sana, anasema Barnabé, mumoja alilazimika kushika ukuta. Wakamuletea sindano na uzi: haya, onyesha. Akainama chini, akajaribu kuokota sindano na mikono ile, muda murefu. Hawakucheka tena. Barnabé hataki kusema kilichofuata.

Kamio inakwenda kesho, wakimaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia muji.

Jeannette analia, anasema mimi niko na watoto wa dada yangu wa kulisha. Ninajua ninao. Nimetoa duara kwa bati, nimelifunga kwa leso pamoja na mukasi. Nitakwenda mimi.

Jumamosi, 14 Machi

Niko kwa benchi mbele ya biro, ninaandika juu ya goti. Watu wote wanafagia njia, vumbi tupu.

Nimeingia saa tatu. Nimeweka mukasi kwa meza, na duara juu yake. Nikasema: mushonaji ni mimi, Apolline hajui kitu, waachilieni. Okito akaruka kufunga mulango. Akafunika duara na gazeti, haraka, kama chungu kinachomwagika. Sauti chini, anauliza kama nina wazimu. Nani alisema wavalishwe, si yeye? Mbele ya karani? Nikisema ni mimi niliyekata, anasema, wataniuliza nani aliniruhusu, halafu?

— Mushonaji amekwisha julikana, mama Onema. Amekiri. Rudi nyumbani.

Akanionyesha karatasi ili niamini. Nimeisoma yote. Jina la Apolline, lile la kizairwa. Kwamba kwa mikono yake, kwa makusudi, alikata. Na chini kabisa, kwa kuwa hajui kuandika, alama ya dole gumba. Ya buluu, safi, kila musitari unaonekana.

Nikamutazama. Akaficha mukono chini ya meza. Nilikuwa nimekwisha kuuona, buluu mpaka kwenye ukucha.

Alinisukuma nje, mukasi ukabaki mule. Kamio imewashwa nyuma ya depo. Wanahesabu watu kwa sauti, wamefika sita. Karani ameniambia mara mbili niondoke. Ile karatasi iko ndani ya daftari hii, sijui nimeitoaje mezani, na Okito bado hajaona. Saba. Nane.