Sanduku Kutoka Shamba Langu

Mwenzangu, nimekaa kama gogo. Hata chai imepoa mbele yangu.

Amekuja binti anayeuza masanduku ya mboga. Ukijiandikisha, unaletewa kila Jumamosi. Nikamuuliza zinalimwa wapi. Akanionyesha picha kwenye simu: "Shamba letu jipya, Bibi."

Ni shamba langu. Mlimau wangu, na kisima alichochimba marehemu mume wangu. Langu!

Nikampigia mwanangu, niliyemkabidhi hati anitunzie. Akasema, "Mama, nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia nimeliuza."

Siku nzuri! Nikakata simu.

Binti akaniuliza, "Sasa, Bibi, tukuandikishe au tukuache ufikirie?"

Nimejiandikisha. Nimemwomba kila sanduku atie limau moja.